"Si haba" ya baba
Nimekumbuka siku nilimpelekea baba matokeo yangu, nimehangaika mwaka mzima nikijua atashangilia, akasoma kimya akasema "si haba" basi, akanirudishia karatasi. Niliumia jamani. Sasa hivi ndo naelewa, haba ni kidogo, kwa hiyo ukisema si haba umeukana udogo wenyewe, yaani ni kingi, na tamathali hii ina jina la Kigiriki, litotesi, unakanusha kinyume ili sifa ikae bila kelele. Kama vile yule si mjinga, hapo unamaanisha ana akili kwelikweli!! Ila sauti nayo muhimu, maana "si mbaya" inaweza kuwa ya kukupoza tu. Ya baba ilikuwa sifa, mama kaniambia karatasi ile baba bado ameitunza kabatini.