Sasa hivi ya Cornwall

Wadau, leo nina hasira na neno moja tu la Kiingereza na nitalisema mpaka liniishe moyoni, kwa hiyo kama una wali jikoni kaipue kwanza halafu urudi.

Boila yangu, ule mtambo wa kupasha moto maji na nyumba, ilizima Jumatatu asubuhi. Mwezi wa 11 huu, Cornwall, huku mwisho kabisa wa Uingereza kusini magharibi, treni ikitoka London inakwenda masaa matano na ushee mpaka Penzance halafu reli inaishia hapo, mbele ni bahari. Mvua ya huku hainyeshi toka juu, inakuja ya ubavu. Nafungua bomba la moto, maji yanatoka ya mtungini. Nikamwandikia mwenye nyumba wangu, mzee wa hapa hapa, babu yake alichimba bati enzi migodi yao inafanya kazi, mtu mstaarabu sijawahi kugombana naye. Akajibu ndani ya dakika moja: "I'll be over dreckly, my lover."

Hiyo "my lover" msihangaike nayo. Huku keshia anakuita hivyo, dereva wa basi anakuita hivyo, ni kama muuza madera Kariakoo anavyokuita mpenzi huku anakupandishia bei. Kosa langu ni kutuma skrinshoti kwenye grupu la familia nikitaka waone mwenye nyumba wangu anavyojibu fasta. Mama akarudisha voisi ya sekunde tatu: "Huyo mzee ana mke?"

Tuyaache hayo. Mimi shida yangu ni hiyo dreckly. Sikuwahi kuiona imeandikwa hivyo ila nikaitamka kwa sauti nikaona aa, ni directly, mzee anaandika anavyoongea. Na directly naijua, nimesoma kwa Kiingereza tangu fomu wani, mwalimu wetu pale Tanga alikuwa hana mchezo, directly ni moja kwa moja, na kwenye habari ya muda ni papo hapo. Basi nikajua mzee anavaa viatu. Nikapiga simu kazini (nahudumia wazee) nikaachia shifti ya siku hiyo. Shifti ya masaa 12, kila saa pauni 12.21, pigeni wenyewe, ni pauni 146 na senti kabla hawajakata chao, kwa hela ya nyumbani unakaribia laki tano, nimeziachia nikae kwenye kochi na koti na kofia kichwani nasikiliza kila gari linalopita kama mke anayemsubiri baharia.

Jumatatu ikaisha. Jumanne nikamkumbusha, akajibu tena kwa upole, dreckly. Jumatano nikawa nachemsha maji kwenye birika la umeme mara nne, namimina kwenye ndoo, naoga kwa kopo kama niko bweni, tofauti ni kwamba bwenini Tanga ukitoka bafuni joto linakupokea, hapa ukitoka unajiona unafuka moshi. Alhamisi kimya. Ijumaa kimya.

Jumamosi saa nne asubuhi ndio huyo mlangoni, ana kifurushi cha karatasi mkononi, hana hata haraka. Akapiga magoti mbele ya boila akanionyesha kisaa kidogo cha presha ya maji chini yake, mshale umelala kwenye 0.4. Akasema ukipoa inatakiwa iwe moja au moja na nusu. Chini kabisa kuna kipira kilichosukwa kwa waya kama mkufu, mwishoni kina vikoki viwili vyeusi, akavizungusha robo tu, nikasikia maji yanapita ndani shshshsh, mshale ukaanza kupanda polepole mpaka 1.3, akafunga, akabonyeza kitufe, moto ukashika. Dakika tatu. Wallahi dakika tatu, na mimi siku tano sina maji ya moto.

Ni mtu mzima, siwezi kumfokea. Nikamwambia kwa adabu zote, lakini mzee wangu, ulisema directly. Akanitazama kama nimemsingizia. "No," akasema, "I said dreckly." Yaani kwake hayo ni maneno mawili tofauti! Halafu akanikabidhi kile kifurushi, pasti ya nyama na viazi, ya moto bado, mkewe kaioka asubuhi. Jibu la mama likapatikana, mke anaye.

Kazini nikawahadithia, wakacheka mpaka kuna aliyekaa chini. Dada mmoja mzaliwa wa Camborne, mji wa huku huku Cornwall, akaniambia wewe ulitakiwa uulize kabla ya kuachia shifti, dreckly ya huku maana yake nitakuja, siku moja, Mungu akipenda. Wana msemo kwamba ni kama ile mañana ya Wahispania ila haina ile haraka. Wameichapisha hadi kwenye vikombe wanawauzia watalii, ambao wao kwa lahaja yao wanawaita emmets, yaani sisimizi. Sasa kumbe neno lile lile nililochapwa nalo viboko, huku limeshaoza kiasi cha kuwekwa kwenye kikombe.

Na hapa ndio hasira yenyewe ilipo. Wiki moja kabla ya boila nilichelewa dakika nne, nne, kwa sababu basi la kwanza halikuja, na shifti lida mmoja akasema mbele za watu huku anacheka, "African time, is it?" Nikameza. Ndio kazi ya ughaibuni hiyo, kumeza. Lakini baada ya Jumamosi ile nikasema hapana, hili suala nitalifuatilia mimi mwenyewe mpaka nijue nani alianza.

Naanza na mzee mmoja ninayemhudumia, Mmethodisti wa kale (huku Wamethodisti ndio wenyewe), akikosa usingizi anapenda nimsomee Biblia yake ya Kiingereza cha 1611. Tukawa kwenye Mathayo 13, mpanzi na mbegu, ile iliyoangukia penye miamba. Nikasoma kwamba ikitokea dhiki, "by and by he is offended". Nikasita. By and by mimi naijua ni baadaye baadaye, huko mbele. Lakini kwa Kiswahili aya hiyo naikumbuka tangu Sunday school, "mara huchukizwa". Mara! Papo hapo! Nikadhani mmoja wao kakosea, nikamuonea huruma mtafsiri wetu bure. Kumbe mwaka 1611 by and by ilikuwa mara kweli kweli. Kiswahili chetu kimetunza maana, Kiingereza chao kimetembea kikaiacha.

Basi usiku huo, saa nane, wazee wamelala, nimeshamgeuza wa mwisho, nikaingia kwenye kamusi kubwa ya Oxford ile ya kihistoria (ukiwa Uingereza kajiandikishe maktaba, nyingi kadi yake inakufungulia bure, usilipie). Jamani. Nilichokuta huko ni makaburi.

Soon, hii soon ya kila siku, kwenye Kiingereza cha kale ilikuwa sona na maana yake ni sasa hivi, bila kusubiri. Watu wakaitumia kuahidi, hawakuja, ikawa "punde". Wakatafuta neno jingine. Anon, hilo limetokana na on an, yaani "kwa moja", na nilipoliona nikaweka simu chini, maana si ndio mara moja yetu hiyo? Waingereza wa miaka elfu iliyopita na watu wa pwani wamefikiria kitu kile kile, kwamba haraka ni jambo la hesabu ya moja. Nayo ikaoza. Kwenye Henry wa Nne ya Shakespeare, iliyochapwa 1598, kuna kijana wa baa anaitwa Francis, mwana mfalme anamshikilia kwa maneno huku, rafiki yake anamuita kutoka chumba kingine, na kijana kazi yake ni kupiga kelele "Anon, anon, sir!" na haendi popote. Mimi huyo namjua! Huyo ni mhudumu wa baa yoyote ya Sinza Ijumaa usiku, "nakuja bosi, nakuja", na chipsi zako ndio kwanza viazi vinamenywa.

Presently nayo ilikuwa hapo hapo, muda huu huu, halafu ikalegea ikawa baada ya kitambo. Wascotland na Wamarekani wengi kwao bado ni "kwa sasa", kwa hiyo Muingereza mzee na Mmarekani wakiambiana presently mmoja anakaa kusubiri na mwingine anadhani inafanyika muda huo huo. Ndio ikaja directly kwenye habari ya muda, mwaka 1600 hivi, mbichi, safi, neno la kunyooka kama rula, njia haina kona. Watu wakasema hili sasa haliwezi kuoza maana limenyooka. Likaozea Cornwall. Cha ajabu ukiwa unaongelea njia bado limenyooka hadi leo, go directly home hakuna anayekuelewa vibaya, ni kwenye saa tu ndipo lilipopinda.

Sasa nielezwe, nani ana African time hapa? Watu wamekaa kisiwani kwao miaka elfu moja na zaidi wanaahidiana sasa hivi na hawatokei, mpaka wamemaliza maneno manne matano, ushahidi uko kwenye kamusi yao wenyewe, juzuu kwa juzuu, halafu dakika zangu nne za basi lao bovu ndio zina jina la bara zima. Nilitamani nimuamshe yule shifti lida.

Na wala hawajaacha. Piga simu yoyote ya ofisi ya huku uone, sauti ya dada inakwambia simu yako itajibiwa "shortly", nimewahi kusikiliza kinanda dakika 47 nikiambiwa shortly kila baada ya dakika mbili. Hiyo nayo naipa miaka hamsini.

Tukienda kwenye haki lakini, na sisi tusijitoe. Tuna mwenzetu wa Zimbabwe kazini, kwao kuna now, kuna just now, kuna now now, na ukitaka kitu upesi omba now now, just now ni ya kungoja. Nikacheka kidogo halafu nikanyamaza, maana sisi "sasa" ilipochoka tukaitia mkongojo ikawa "sasa hivi", hiyo nayo ikachoka sasa fundi makini utamsikia "sasa hivi hivi" na akishasema hivyo ujue ni kesho kutwa. Mara moja ndio kabisa, mtu anaomba atoke mara moja, anarudi jioni. Na sisi tumevuka mpaka, sisi tuna "nakuja" ambayo mtu anaisema akiwa anaondoka, tena amekupa mgongo. Hiyo hata Cornwall hawana.

Kuna jingine silipendi kulisema. Hivi karibuni. Tangu 2022 mama akiniuliza unakuja lini namjibu hivi karibuni mama. Mwaka wa kwanza alikuwa anaanza kupanga nani anifuate stendi. Siku hizi nikisema hivi karibuni anajibu "haya mwanangu" na anahamia kwenye habari ya kuku.

Na nyie mnaoniandikia inboksi kila wiki kuhusu kazi za kea, yaani hizi za kuhudumia wazee, sikilizeni hapa kwa sababu ni neno hili hili linalowaibia. Dalali anakwambia visa yako "very soon", lipia sponsa sasa, milioni kadhaa, wenzako wameshapanda ndege. Viza ya kea kwa wanaoomba wakiwa nje ya Uingereza ilifungwa tarehe 22 Julai 2025. Imefungwa. Na kabla ya hapo, tangu Machi 2024, aliyeajiriwa kea upya alikuwa haruhusiwi kuja na mume wala mtoto. Kwa hiyo dalali anayekuuzia soon leo anakuuzia hewa, na kiwanja ulichouza hakirudi. Mtu akikuahidi ughaibuni mbane kwa tarehe, siku, mwezi na mwaka, akianza vielezi kimbia. Angalia wenye nchi wanavyofanya, bili ya halmashauri haijawahi kuniandikia soon, inaandika tarehe 1, na tarehe 1 ni tarehe 1 hata Cornwall.

Jana usiku nimerudi kutoka kazini, radieta, ile ya ukutani inayopasha chumba, ya baridi. Nimepiga magoti na tochi ya simu, mshale uko 0.6. Nikamtumia mzee meseji kwa ustaarabu tu ajue, akajibu neno moja, mnalijua. Nikashika vikoki vyangu viwili vyeusi, robo, shshshsh, mpaka 1.3, nikafunga. Nimeoga maji ya moto nusu saa nzima. Mzee atakuja, sijui lini, simuulizi tena, ila nimemuandikia amsalimie sana mama mwenye nyumba, na kwamba ile pasti ilikuwa na pilipili manga ya kutosha.