Kizibo cha soda kwenye mstari wa sita

Ile safari ya Tabora mpaka leo iko kichwani. Tulitoka Kigoma na treni ya usiku, watu wanne na dumu la mawese la mwenyeji wetu, tukafika hoi halafu asubuhi hiyohiyo tukaambiwa kaeni mezani. Chesi ya timu, meza nne, mimi nikapewa meza ya nne maana nilikuwa mdogo kuliko wote.

Mpinzani wangu mzee mmoja mstaafu wa reli. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, karibu Tabora, tukaanza. Seti tuliyopewa ilikuwa na ngome moja nyeusi imepotea, wakaweka kizibo cha soda, na nyeusi ndo zilikuwa zangu.

Alinibana toka mwanzo. Kuja kushtuka wenzangu wote wamemaliza, tunaongoza 2 kwa 1, mimi nimebaki na mfalme na kile kizibo, yeye ana mfalme, ngome na askari mmoja wa katikati. Nikifungwa timu zinalingana, nikipata sare tumeshinda.

Hapo ndo nikamkumbuka kaka yangu kule Ujiji, chini ya mwembe, alivyonirudisha kwenye kitu kimoja mpaka nikalia: Philidor. Huyu alikuwa Mfaransa wa miaka ya 1700, mwanamuziki, na ndo aliyeonyesha namna ya kujiokoa hapa. Ngome yako ikae mstari wa sita kuhesabu toka kwake, mfalme wake asipande, wewe sogeza tu kushoto kulia usiwe na haraka, siku askari wake akikanyaga mstari huo ndo unashuka chini kabisa unaanza kumpiga cheki, yaani kumtishia mfalme wake, kwa nyuma, mfalme hana tena pa kujificha.

Basi kushoto, kulia, kushoto. Kidole kimelowa jasho, meno ya kizibo yameniachia alama. Mzee anazungusha ngome, ananitazama usoni, mi natazama bodi. Mwishowe akamsukuma askari. Mkono ulinitetemeka jamani, nikakishusha kizibo mpaka chini. Cheki. Akasogea, cheki. Cheki tena.

Akatulia kama dakika mbili hivi, akanyoosha mkono, sare mwanangu. 2½ kwa 1½! Wenzangu wanashangilia nje ila mzee hakunyanyuka.

“Nani kakufundisha hiyo?”

“Kaka yangu, mzee.”

Akazipanga zote palepale, kizibo akakishika yeye safari hii.

“Haya, sukuma wewe.”