Plagini ya meseji za timu: kwa nini zilifika tatu tatu

Leo wachezaji wote 22 wamepata meseji moja moja. Moja tu! Tangu Jumatano nilikuwa naikimbiza hii.

Plagini yangu (programu ndogo ya nyongeza) ya WordPress, mfumo unaoendesha tovuti yetu, inatuma SMS kila ratiba ya mechi ikichapishwa kwenye tovuti ya timu. Jumatano kila mtu akapata tatu. Kocha akanipigia: "Kijana, tumeelewa, mechi saa kumi!"

Nikamshuku save_post, kengele ya WordPress inayoamsha plagini chapisho likihifadhiwa, maana huyo hata rasimu ikihifadhiwa anaamka. Nikaweka wp_is_post_revision ili nakala za marekebisho zirukwe, bado tatu. Nikaweka alama ya "imeshatumwa" kwenye meta (taarifa za ziada za chapisho), bado tatu. Nimekesha siku mbili nikimsingizia asiyehusika.

Kilichonivuruga ni kwamba plagini yenyewe ilidai imeshindwa kutuma. Simu zinalia mifukoni mwa watu, yenyewe inasema imeshindikana! Kufungua debug.log, faili la kumbukumbu za makosa, nikakuta mstari huu mara tatu, umepishana sekunde tano tano:

cURL error 28: Operation timed out after 5001 milliseconds with 0 bytes received

Yaani: muda wa kusubiri umeisha, jibu halijaja. Nikashika kichwa. Usipoiambia kitu, wp_remote_post, amri ninayotumia kutuma ombi kwa seva nyingine, husubiri sekunde 5 basi. Seva ya watoa huduma ya meseji, ikipewa namba 22 kwa mpigo, hujibu baada ya 7 au 8. Ombi limefika na meseji zinatoka, ila mimi nimeshakata kabla ya kusikia jibu. Halafu kitanzi changu (msimbo wa kurudia), nilichokiandika kwa mbwembwe, kinasema jaribu tena, mpaka mara 3.

Sasa nimeweka 'timeout' => 20, yaani isubiri sekunde 20, na kitanzi nimekifuta. Nikirudia kutuma, naambatisha namba ya kumbukumbu ileile, kwa sababu seva yao huikataa ikijirudia (jambo walilolificha mwisho kabisa wa maelekezo yao). Na seva ikijibu kwa namba ya kosa kama 400 au 500, WordPress haiihesabu kuwa WP_Error (alama yake ya kushindikana), kwa hiyo naikagua mwenyewe kwa wp_remote_retrieve_response_code.

Postman, programu ya kujaribia maombi kwa seva, nayo ilinipoteza. Yenyewe haina haraka, inasubiri tu, hivyo kila nikipima huko mambo shwari. Siku hizi napima kwa wp eval-file, amri inayoendesha msimbo ndani ya WordPress yenyewe, palepale kwenye seva.

Kazi iliyofuata ilikuwa ukurasa wa mipangilio. Lakini beki wetu wa kulia kamwambia kocha kuwa aliijibu ile meseji, "SIPO, nina msiba", na jibu lilipotea hewani. Basi nimeacha mipangilio, nimefungua mlango kwenye tovuti kwa register_rest_route ili upokee majibu. "NIPO" plagini inaisoma vizuri. "Nipo kocha ila nitachelewa" bado inaihesabu utoro.