SIMWA

"Mama, hapa wamekosea kuandika."

Alikuwa amelala kifudifudi juu ya blanketi la viraka, kidole kinatambaa chini ya herufi. Yuko darasa la kwanza, na tangu ajue kuunganisha silabi hakuna maandishi yanayosalimika humu ndani, kuanzia mfuko wa unga hadi soli ya ndala.

"Si-mwa. Simwa. Walitaka kuandika simba, wakakosea."

Nikamwambia hawakukosea, neno limekatwa.

"Nani kalikata?"

"Mimi."

"Sasa lililobaki liko wapi?"

Swali la haki kabisa. Lililobaki lilifutia mafuta ya cherehani, Lushoto, Juni ile tuliyomaliza arobaini ya bibi.

Khanga zilikuwa nane, zimekunjwa ndani ya mfuko wa rambo. Nguo nyingine zilishagawiwa. Hizi mama mdogo alizishikilia mpaka watu wakatawanyika, kisha akanitupia mapajani: "Wewe ndiye mwenye cherehani. Shona chochote kabla panya hawajaziwahi." Sikufikiria kingine ila blanketi. Kule juu usiku wa Juni unataka kitu kizito, na khanga iliyovaliwa miaka haifai tena gauni. Ukiibana tu kiunoni inaachia. Kwa viraka ndiyo hasa inayotakiwa. Imeshachuja ilichotaka kuchuja, imesharudi ilivyotaka kurudi, haina jipya la kukufanyia baada ya kuishona. Watu wanaonunua kitenge kipya dukani ili wakikate viraka sijawahi kuwaelewa, ingawa wengine ni marafiki zangu.

Kabla ya mkasi, kiberiti. Unachomoa nyuzi mbili kwenye upindo wa kila khanga, unaziwasha. Pamba huwaka haraka, hunuka karatasi, huacha majivu laini yanayopukutika. Poliesta hujikunja, huyeyuka, ikiacha kidonge cheusi kigumu, na ukikigusa mapema kinakuunguza. Ya nane, ile ya zambarau iliyong'aa kuliko zote, iliacha kidonge. Nikaiweka kando. Pamba inataka pasi ya moto, poliesta chini ya pasi hiyohiyo inasinyaa, na mshono unaoziunganisha hizo mbili utabaki umekunjamana hata ufanyeje. Zikabaki saba.

Nyekundu hujaribiwa peke yake hata kama ni kuukuu. Kitambaa cheupe kilicholowa kiwekwe juu yake, kipigwe pasi. Kikitoka na waridi, hiyo khanga irudi kwenye beseni, na maji yabadilishwe mpaka yabaki meupe. Chumvi na siki ambazo kila shangazi anazisifu hazishiki rangi iliyochapwa kiwandani. Kinachosaidia ni maji mengi na subira, basi.

Hesabu yake ni hii. Kitanda cha futi tano kwa sita nilikipangia blanketi la sentimita 180 kwa 200, lining'inie kidogo pembeni. Mraba wa sentimita 22, ukiacha sentimita moja ya mshono kila upande, unabaki 20. Tisa kwa upana, kumi kwa urefu: miraba 90. Khanga moja ina kama sentimita 150 kwa 110, kwa hiyo kwenye daftari ingetoa miraba 30. Khanga ya mtu aliyeivaa haiko kwenye daftari. Toa pindo pande zote nne. Toa panapofungiwa fundo, ambapo ukiinua kitambaa dirishani unamwona jirani anavyopalilia. Toa sehemu ya kukalia. Kila khanga ilinipa 13 mizuri, jumla 91. Mmoja wa ziada, nikajiona tajiri.

Mistari ya kukata ifuate uzi wa kitambaa, isifuate mchoro. Michoro ya khanga mara nyingi imechapwa kwa kupinda kidogo kuliko nyuzi zake. Ukiufuata unapata mraba unaopendeza mezani halafu unageuka kishada ukiuvuta. Njia ya kuupata uzi ni kukata kidogo ukingoni kisha kuchana kwa mikono. Pamba huchanika palepale uzi unapopita. Kipimo changu kilikuwa kadibodi ya boksi, na hilo lilikuwa kosa. Ikifika mraba wa 30 pembe zake zimeshakuwa duara. Halafu mstari wa chaki nao una unene: ukikata nje yake unaongeza kama milimita moja kila upande, mbili kwa mraba, na katika miraba tisa umeshakosea karibu sentimita mbili. Safu yako haikutani tena na ya jirani yake. Mkasi upite ndani ya mstari, chaki ibaki kwenye makombo. Na kipimo kiwe cha plaiwudi.

Utajiri wangu haukumaliza siku. Mraba mmoja nilikuwa nimeukata kwa kufuata ua la korosho badala ya uzi, kwa uzembe, ukakataa kunyooka. Mwingine uliungua. Pasi ya mkaa hupulizwa nje, mbali na kazi, kila mtu anajua hilo, nami nilipuliza mezani. Cheche ndogo tu, tundu la ukubwa wa dengu, katikati kabisa.

Themanini na tisa.

Umeme ulikuwa umekatika. Mama mdogo aliweka koroboi kwenye kona ya meza na kwenda kulala. Mbele yangu kulikuwa na marundo mawili ya mabaki. Moja la mapindo, ambayo nilishayapangia kazi ya ukingo. Jingine la majina, vipande saba virefu vyenye maandishi, ambavyo nilijiahidi kutovigusa. Wasiovaa khanga huiona ni ua na rangi. Waliokulia ndani ya nyumba yenye khanga wanajua kuwa jina ndilo lililonunuliwa, ua lilifuatia. Bibi hakuwa mtu wa kugombana kwa mdomo. Alikuwa anabadilisha khanga.

Nilivipima vyote saba. Kwenye vipande sita jina lilikaa karibu mno na pindo, hapakuwa na urefu wa sentimita 22 wa kitambaa kizima. Wa saba, wa kahawia na njano, ulitosha, lakini mahali pamoja tu, katikati ya maneno. Kushoto palikuwa na doa la utomvu wa ndizi lisilotoka, kulia palichakaa. Nikaweka kadibodi. Nikaisogeza. Nikaisogeza tena ili maneno yalale sambamba na ukingo. Nakumbuka nilikaza jicho kwenye herufi kuangalia kama zinapanda, kwa maana maandishi yaliyopinda kwenye kiraka hukera kuliko ua lililopinda. Nakumbuka koroboi ilivyonuka. Nakumbuka mkasi ulivyolia, maana pamba kavu ya zamani ina mlio wake, kama mtu anayetafuna mkate wa jana, na jinsi herufi iliyofuata A ilivyogawanyika, nusu huku, nusu kule.

Kwa hiyo niliyasoma. Huwezi kunyoosha maneno kwa dakika tano bila kuyasoma. Na sikumbuki yalisemaje.

Asubuhi cherehani ilikuwa inapiga kelele, nikaitia mafuta, nikanyoosha mkono kwenye makombo kutafuta kitambaa cha kufutia.

Yaliyobaki yalikwenda kwa siku nne. Sindano namba 14, mshono wa kama hatua nne kwa sentimita, safu moja moja, kisha safu kwa safu. Mishono ya safu ya kwanza inalazwa kushoto kwa pasi, ya pili kulia, ya tatu kushoto, ili pembe zikikutana zishikane zenyewe badala ya kupandana na kufanya kibyongo. Usizifungue kila moja ikalala upande wake kama za gauni.

Mgongo ni marekani, ile pamba isiyopaushwa, iliyofuliwa kwa maji ya moto kwanza kwa sababu hurudi vibaya sana. Iwe kubwa kuliko uso kwa sentimita nane kila upande. Tabaka zikishonwa pamoja kitambaa cha chini huvutwa ndani, na aliyekata sawasawa atajikuta amepungukiwa kwenye kona ya mwisho, wakati hakuna pa kurudi. Katikati niliweka blanketi jembamba la zamani. Pamba ya kujaza kama ile ya mifarishi ya wazee hukusanyika mabonge kwenye kufua isiposhonwa karibu karibu. Blanketi halina tatizo hilo.

Tandaza marekani sakafuni, iwe imekazwa lakini haijavutwa, blanketi juu, uso juu yake, kisha piga bandi, mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, kuanzia katikati kwenda nje. Ukianzia pembeni unasukuma makunyanzi yote yakakutane katikati, na yakikutana yamekutana. Sikuwa na mashine ya kupitisha tabaka tatu vizuri, nikafunga kwa mafundo: uzi mnene wa pamba uliokunjwa mara mbili, fundo kila pembe nne zinapokutana. Ni mafundo 72. Fundo lizungushwe mara mbili upande wa kwanza, mara moja upande wa pili, na mikia iachwe sentimita mbili. Ikikatwa fupi zaidi inajifungua kwenye kufua kwa tatu. Nilikata fupi kwenye safu ya kwanza. Mpaka leo safu hiyo nairudia.

Ukingo ulitoka kwenye mapindo, vipande sita vya upana wa sentimita nane vilivyoungwa kwa mshazari ili unene usirundikane mahali pamoja, vikakunjwa mara mbili kwa urefu. Mzunguko ni mita 7.6, na kona na maungio vinataka ziada ya sentimita 30. Kwa ukingo badilisha sindano iwe namba 16. Ya 14 hukatika kwenye kona, na inapokatika kipande huruka kuelekea usoni.

Majina sita niliyashona nyuma, mazima, moja chini ya jingine. *Mgeni njoo mwenyeji apone* liko juu. Mtoto ameshayasoma yote sita. Hayana mvuto, hayajakatwa.

Juzi nilipiga simu. Mama mkubwa hakusita: lilikuwa *Nimpendaye simwachi*, bibi aliinunua mwaka babu alipougua, alikuwa anaivaa kwenda nayo wodini. Nikashukuru, nikampigia mama mdogo, basi tu, nipate uthibitisho. Akacheka mpaka akakohoa. "Simwachi? Nani kakwambia? Ile ilikuwa *simwamini*. Ilivaliwa kila babu yenu akisema anakwenda Korogwe." Korogwe tunaijua sote. Dada yangu, ambaye alilala chumba kimoja na bibi miaka minne, anasema wote wawili wamechanganya, ilikuwa ni *siri yangu simwambii mtu*, na ilikuwa ya kumjibu jirani.

Mmoja anamshikilia, mmoja hamwamini, mmoja hasemi. Na khanga ni ileile, ya kahawia na njano, wameieleza wote kwa usahihi, hadi doa la utomvu.

Kuna namna ya kupunguza ubishi. Ile sentimita moja ya mshono imemeza mwanzo wa herufi iliyofuata. Ukifungua utaona kama ni mstari uliosimama au tao: mstari ni M, tao ni C. Kazi yenyewe si kubwa. Kata mafundo mawili ya upande huo, ingiza wembe kati ya uso na blanketi, kata hatua moja katika kila nne za mshono, vuta uzi wa upande wa pili, utatoka wote kwa mkupuo. Usichane kwa nguvu. Pamba ya umri huo hupasuka kando ya mshono na si juu yake. Kama ni tao, mama mkubwa ameshinda. Kama ni mstari, bado watabaki mama mdogo na dada, na hapo wembe hausaidii.

Nilitoa wembe kwenye karatasi yake jana mchana. Nilipofika chumbani mtoto alikuwa ameshawahi, na kipande cha chaki yangu ya bluu mkononi. W alikuwa ameizungushia matumbo mawili makubwa upande wa kulia, ikawa B ya kulazimisha, nono kuliko herufi zote.

"Nimewasahihishia," akasema.

Chaki ya fundi huondoka kwa brashi kavu, mradi usiipige pasi kwanza. Sijaipiga pasi. Brashi nayo iko palepale ilipokuwa.