Mlembe alituita, nasi tukamfuata

Marafiki, nimerudi jioni hii kutoka porini karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, na moyo wangu bado umejaa.

Asubuhi nilifuatana na mzee wa Kihadza ambaye amerina asali tangu utotoni. Alipiga mluzi mrefu wa kupanda na kushuka, na haukupita muda mlembe, yule ndege anayewaongoza watu hadi kwenye asali, akaitikia kutoka kwenye mgunga, kwa sauti ya haraka kama kiberiti kinachotikiswa.

Tulipochelewa, alitungoja.

Alitua kwenye tawi akichezesha mkia, manyoya meupe ya pembeni yakionekana wazi, na tulipomkaribia ndipo aliporuka hadi mti uliofuata, mpaka akatufikisha kwenye mbuyu wenye ufa ambamo nyuki walikuwa wakiingia na kutoka.

Mzee alipanda kwa vigingi, akawafukiza nyuki moshi, akateremsha masega. Mlembe hula nta, lakini hana nguvu ya kupasua mti. Binadamu ana moto na shoka, yeye anajua mahali.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba milembe wa Eyasi huitikia zaidi mluzi wa Wahadza, ilhali wale wa Niassa, Msumbiji, huitikia zaidi mlio wa Wayao.

Kwangu hayo ni mazungumzo kamili. Niliposimama chini ya tawi lile nilihisi pori lenyewe limenisemesha, nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Nyinyi mliokulia kwa warina asali, wazee wenu walimwita mlembe kwa sauti gani? Niandikieni hapa chini.