Siku apu yangu ilipomwacha mama gatini

Apu yenyewe ilikuwa rahisi tu, unabuku boti ya kuvuka kutoka kisiwani Amu (Lamu) kwenda Mokowe, bara, unachagua saa, nahodha anaipata kwa simu yake, basi. Hiyo ilikuwa 2019, nimetoka Mombasa na laptopu na kiburi, manake kule tulikuwa tushaijaribu kwenye chumba cha kiyoyozi na watu watano na wote wakapita bila kukwama. Hesabu ya watano nliichukua kwa Jakob Nielsen, yule bingwa wa kupima kama tovuti na programu ni rahisi kutumia, aliyeandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kukuonyesha makosa mengi ya kazi yako. Ila watano wangu wote walikuwa vijana wa kompyuta, yaani nlijijaribu mwenyewe mara tano.

Mama alikuwa na safari ya Mombasa, harusi, kwa basi la asubuhi kutoka Mokowe. Usiku nikamwambia leo usimpigie nahodha, tumia hii. Akavaa miwani, akalizungusha lile gurudumu la saa polepole kwa kidole cha shahada, akabonyeza, ikatokea "Umefaulu" kwa rangi ya kijani, na mimi nikajiona mtu. Nahodha mwenyewe ni ami, jirani yetu Langoni, nshamwekea apu na nshamwambia kabisa, "Ami, usijisumbue kukumbuka, simu italia nusu saa kabla."

Alfajiri ikalia yangu.

"Mimi niko gatini. Boti iko wapi?"

Nikatoka na kikoi hivo hivo, vichochoro giza, nusura nimkanyage punda. Mama nlimkuta amekaa juu ya gati na kapu la maembe kando, buibui kalifunga vizuri, hana hasira, na hiyo ndo iliniumiza zaidi. Nikachukua simu yake nikaangalia: 11:00 AM.

"Mama, umeweka saa tano."

"Saa tano wapi? Mato yangu yaona moja na moja. Si kumi na moja hiyo?"

"Ilitakiwa uweke 5."

Akaniangalia muda. "Saa tano basi lishapita Garsen, mwanangu."

Nlitaka kumweleza AM ni nini, nikaona haya. Manake mimi mwenyewe simu iliponiamsha nliona 5:10 nikasema moyoni kumi na moja na dakika kumi, kichwa kinageuza chenyewe tangu udogoni bila kuniuliza. Saa zetu za mchana huanza kuhesabiwa jua likitoka, na huku karibu na ikweta jua halina vituko, mwaka mzima hutoka kwenye kumi na mbili hapo hapo, kwa hivo mtu akikwambia saa moja asubuhi huna haja ya kuuliza zaidi. Na mimi kila neno nliandika kwa Kiswahili, "Chagua saa", "Thibitisha", "Safari njema", nikajipongeza, halafu saa yenyewe nikaiacha ya Kizungu. Ile AM nayo nliificha pembeni, kijivu juu ya nyeupe, herufi kama chawa. Mama hakuigusa, na hata angeigusa ingemwambia nini.

Ami akaja mbio, fulana kaivaa nje ndani.

"Ami, lakini buking si uliiona usiku?"

"Niliiona. Kumi na moja."

"Sasa?"

"Si ulinambia simu italia? Nikalala."

Hapo sikuwa na neno. Wao wawili walishafahamiana kabisa, mmoja kaweka kumi na moja, mwenzake kasoma kumi na moja, asiyejua kitu ni apu yangu iliyokaa katikati ikingoja saa nyingine. Lau si ile kengele yangu mama angevuka mapema na kiti cha dirishani angepata.

Boti ikapiga maji mpaka Mokowe, basi limeshawasha injini, akalipata kwa bahati. Njiani nlimwambia nitaweka maelezo hapo chini ya saa, ya kueleza. Akacheka. "Nani atasoma na kapu mkononi?"

Kwa hivo gurudumu nikaling'oa lote, nikaorodhesha safari zenyewe, "Saa 11 alfajiri, kuwahi basi", "Saa 2 asubuhi", na ya Kizungu chini yake kwa wageni wa Shela. Maandishi nikayafanya meusi, manake pale gatini mchana na lile jua kijivu hukioni hata ukifunika simu kwa mkono. Vitufe pia nikavikuza. Android wanashauri visipungue 48 dp, kipimo chao cha skrini, karibu milimita 9, lakini wao hawajaona kidole gumba cha ami kilivyoota sugu kwa kamba.

Ila hayo ni ya wiki iliyofuata. Siku ile tulirudi Amu, mimi na ami tukakaa barazani tunakunywa kahawa tungu na wazee wengine, habari yenyewe ishaanza kusahaulika, mara simu yake ikalia, ule mlio nlomwekea mimi. Saa nne na nusu kamili. Akaitoa mfukoni, akaisoma kwa sauti kila mtu asikie, "Abiria wako anakusubiri gatini", kisha akanipa mimi simu.

"Haya, nenda kamchukue mamako."