Otieno wa saa sita mchana

Kilichonishtua kurudi Kisumu si barabara wala bei ya mbuta. Ni Otieno waliozaliwa jua la utosi. Babu alikuwa Otieno, jina likaingia kwenye pasipoti ya baba, sasa watoto wote ni Otieno, wa kike kwa wa kiume.

Mnajua sisi Wajaluo tulivyokuwa tukipewa majina kwa saa ya kuzaliwa. Omondi alfajiri, Onyango asubuhi, jua likikaza Ochieng', jioni Odhiambo, usiku Otieno. Binti unamwondolea O unaweka A. Opiyo na Odongo ni pacha, anayewafuata ni Okelo. Jina la pili lilikuwa la baba mzazi, likakomea hapo: Ochieng' wuod (mwana wa) Otieno akimzaa Omondi, huyo ni Omondi wuod Ochieng'. Wakalenjin nao vivyo hivyo. Baba yake Rais Moi aliitwa Kimoi arap (mwana wa) Chebii. Ki- ikadondoka, mwana akawa arap Moi. Kule Kogelo, Hussein Onyango, babu wa aliyekuwa rais wa Marekani, alikuwa mwana wa Obama, kwa hiyo mwanawe angekuwa Barack wuod Onyango. Lakini Obama ikaganda, ikavuka bahari hivyo hivyo.

Kinachoniuma ni vijana kutafuta undugu kwa jina hilo lililoganda. Otieno wawili wanaitana ndugu, na jina linasema tu kwamba babu zao walizaliwa usiku! Huku Ouma na Owino wanachumbiana, kumbe babu zao ni tumbo moja, kila mmoja akaandikisha watoto kwa jina lake. Mambo yanajulikana siku ya kupeleka mahari, wazee wakianza kuhesabu nasaba. Ukoo wetu hauoani ndani kwa ndani, na jina la mwisho haliwezi kukulinda.

Kaa na dani, nyanya yako, ungali naye. Andika kila babu na wuod wake, rudi nyuma mpaka akwame. Kisha usiache wanawake: kila bibi aliyeolewa uliza alikuwa nyar (binti wa) wapi, nyar Alego, nyar Ugenya. Hapo ndipo undugu wa upande wa kina mama hujificha, na hakuna cheti kinachouonyesha.

Na ile ritifaa ya Ochieng' iandikeni tangu cheti cha kuzaliwa, maana bila hiyo sauti ni nyingine. Ila mistari ya chini ya pasipoti, ile inayosomwa na mashine, haiibebi kamwe. Msihangaike kuirekebisha huko.